Sijachimba, Nimelima

Maandishi yangu ya kwanza kusomwa na watu wengi yalikuwa kwenye kibao cha bati. Bati lenyewe lilikatwa kutoka debe la mafuta ya kula, rangi ilikuwa masalio ya mlango wa kanisa, na maneno alinipa mtaalamu wa mradi wa maji: BOMBA LINAPITA HAPA. ULIZA KABLA YA KUCHIMBA. Hakusema aulizwe nani, nami sikumuuliza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na mwandiko wangu ulikuwa ukisifiwa tangu shule ya msingi. Mtu anayesifiwa mwandiko hajisumbui sana na maana.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa. Mbinga mjini wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameshaingia na mizani zao, mitumba ilijaa gulioni, na kila mwenye baiskeli mbili alijiita mfanyabiashara. Nchi nzima ilikuwa imeambiwa ruksa, na kijiji chetu kikachagua wakati huohuo kupata marufuku yake ya kwanza, marufuku ya kukata bomba.

Nisiwe mchoyo wa haki. Maji tuliyahitaji. Kabla ya bomba, mjamzito aliyekwenda kujifungua zahanati alitakiwa kufika na ndoo yake ya maji, na ndoo hiyo ilitoka kwenye kijito cha bondeni ambako kushuka ni dakika kumi na kupanda ni maungamo. Kwa hiyo mradi ulipokuja, tulicheza ngoma hadi mtaalamu mwenyewe akaona aibu.

Chemchemi iko juu ya mlima, zahanati iko chini, na katikati, kwa bahati ya mtu aliyechora ramani akiwa amekaa kwenye kiti, liko shamba la mama yangu. Rula haipandi mlima wala haisalimii watu. Mstari ulishuka moja kwa moja kwenye mteremko wake ukaligawa shamba vipande viwili. Mama alikuwa mjane. Baba alipofariki, kahawa yake ilirudi kwa ndugu zake. Mteremko ule waliuacha kwetu kwa sababu ulikuwa mkali mno kwa mtu anayependa kupumzika. Maharage na mahindi ya pale ndiyo yaliyotulisha na kunivisha sare. Siku waliyokuja kuchimba mtaro, mama alisimama pembeni na jembe lake begani, akawasalimia vijana wote, akawaletea togwa. Hakuna aliyemuuliza lolote zaidi ya kama togwa imebaki.

Mkandarasi alitoka mjini, mtu wa ruksa hasa. Mwaka uliotangulia alikuwa akiuza magodoro. Karatasi zilisema mpira mweusi wa maji ufukiwe mita moja chini. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na ndiye aliyetia sahihi kwamba mita moja imefikiwa. Mtaroni hakushuka. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

Kisha ikaja semina ya kulinda bomba. Ilifanyika siku mbili kwenye ukumbi wa kanisa, na palikuwa na soda, wali, nyama, na posho ya kukaa. Ukumbi mzima walikuwa wanaume, isipokuwa mimi. Mradi ulitaka katibu mwenye mwandiko na ulitaka mwanamke, nami nilipatikana nikiwa na vyote viwili. Mtaalamu alikuwa mtu mpole aliyetoka mbali, hajui mlima wowote isipokuwa wa kwenye ramani. Alichora bomba, akachora mtu ameinua jembe juu yake, akasema adui mkubwa wa bomba ni mwenye jembe. Wanaume wakaandika kwenye madaftari yao mapya: adui, jembe. Nilitazama viganja vilivyokuwa vikiandika, laini kabisa, nikajua hapa adui hayupo.

Kwa asiyetoka kwetu, inabidi nieleze. Umatengoni hatulimi kwa matuta yaliyonyooka. Mwezi wa tatu mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Hapo kazi yake imekwisha, anakwenda kuisimulia. Mwanamke anaingia na jembe katikati ya kila mraba, anatoa udongo na kuzifukia zile nyasi pande zote nne. Panapobaki katikati pana bonde dogo, ndiyo ngoro. Kwenye kingo zake tunapanda maharage, na baadaye mahindi. Mvua ikinyesha, kila ngoro inakamata maji yake na udongo wake. Ndiyo sababu milima yetu haijashuka yote ziwani, ingawa ni mikali kiasi kwamba boga likikuponyoka unalikuta kwa jirani.

Sasa mgeni akitazama ngoro anaona shimo. Sisi hatuoni shimo. Kwetu mtu anachimba kaburi, anachimba choo, anachimba dawa. Shambani hachimbi, analima. Mtaalamu alitamka neno kuchimba mara nyingi sana siku zile mbili, na kila alipolitamka wanaume walitikisa vichwa kwa huzuni, wakiwaza makaburi na vyoo. Nami, binti wa mlimaji, niliyekua nikilala ndani ya ngoro mama akilima ya pili, nililiandika kuchimba kwa herufi kubwa nikalipigia mstari.

Mwishoni tukatunga sheria. Atakayekata bomba, hatua tano za shamba lake kila upande zitachukuliwa zisiguswe tena, ziwe hifadhi ya bomba. Neno hifadhi nililipendekeza mimi. Lilipigiwa makofi, na nilikwenda nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa daraja la upadre. Shamba la mama lilikuwa na upana wa hatua ishirini na kidogo. Hesabu hiyo sikuifanya.

Mwezi wa tatu ukafika. Kwa kuwa mama hakuwa na mume, baba mkubwa alikuja kumfyekea na kumlazia nyasi, kama desturi inavyotaka. Alilaza huku akizungumzia kamati, na mtu anayezungumzia uongozi wake hatazami miguuni. Kibao changu kilisimama pale njiani, kikimemeta. Mama alikisoma, alikuwa amesoma ngumbaru, darasa la watu wazima, na alisoma polepole, herufi moja moja, bila kuruka.

Kwenye mraba wa tatu jembe likasema neno jingine. Maji yakaruka juu kuliko kichwa chake. Mama alifanya kitu ambacho hakuna semina iliyomfundisha: alivua kanga, akaikunja, akaziba nayo lile tundu, kisha akaikalia. Alikaa juu ya maji ya zahanati akiwa amelowa hadi kifuani, akapiga yowe la kuita watu. Fundi alimkuta bado amekaa.

Fundi wa mradi alikuwa Mnyasa wa Lituhi, mtu wa ziwani, aliyezoea kututania kwamba Wamatengo tunalima ukutani. Siku ile alipiga magoti, akaingiza mkono kwenye udongo mpaka kwenye mpira, akautoa na kuutazama. Tope lilikuwa limeishia kwenye kiwiko.

"Mama," akasema, "mita moja ya kwenu huku inaishia hapa?"

"Sisi hatujawahi kuwa na mita," mama akamjibu. "Hiyo mmekuja nayo ninyi."

Kikao cha kumhukumu kilikaa Jumapili baada ya misa, kwenye ukumbi uleule. Mtaalamu alikuwepo na jalada lake. Mimi nilikaa mezani na kalamu, mama akakaa kwenye benchi mbele yangu, amevaa kanga yake nzuri, kwa sababu ile nyingine ilikuwa bado ina tope la bomba.

"Shemeji," baba mkubwa akaanza, "kibao hukukiona?"

"Nilikiona, shemeji."

"Kinasemaje?"

"Kinasema niulize kabla ya kuchimba."

"Sasa mbona umechimba?"

"Sijachimba. Nimelima."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mtaalamu alicheka, kwa adabu, kama anayecheka utani wa lugha asiyoijua. Mama hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Haya," akasema baba mkubwa akijifuta machozi, "na ulimuuliza nani?"

"Wewe. Ulipolaza nyasi nilikuuliza, shemeji, hapa kweli ni sawa? Ukaniambia, lima tu, unataka nyasi zikauke?"

Kicheko kikakatika. Baba mkubwa akakohoa, akageukia ukumbi. "Mimi nililaza nyasi," akasema. "Jembe sikushika."

Kwa hiyo siku ile ilithibitika kwamba hakuna aliyechimba. Mmoja alilaza nyasi, mwingine alilima, na bomba lilijikata lenyewe. Fundi akanyoosha mkono, akataka kusema kuhusu kiwiko chake. Mtaalamu akafungua jalada, akamwonyesha palipoandikwa mita moja na sahihi chini yake. Karatasi ilikuwa na kina kuliko mtaro. Fundi alitazama ile sahihi, akamtazama mwenye sahihi, akaushusha mkono. Alikuwa na watoto Lituhi, na kazi ilikuwa moja.

"Wahenga walisema," baba mkubwa akahitimisha, "mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Na hicho kisima nacho sikukichimba," mama akasema. Lakini mikono ilikuwa imeshainuliwa. Katibu hapigi kura. Nililishukuru hilo wakati ule, na mpaka leo linaniuma kuliko kama ningeinua.

Usiku ule tulikula ugali. Mama alipokuwa akikusanya vyombo akaniuliza, "Mwanangu, hilo neno hifadhi ni la nani?"

"La mtaalamu," nikasema.

Hatua kumi zikafungwa kwa kamba na vigingi. Vikabaki vipande viwili vya pembeni, kila kimoja chembamba kiasi kwamba mama alikuwa akigeuza jembe kwa uangalifu lisije likavuka hifadhini. Maharage ya mwaka ule yalituishia mapema. Mama alikwenda kulima vibarua kwenye kahawa, na nakumbuka vizuri ilikuwa kahawa ya nani, kwa sababu ilikuwa ya marehemu baba.

Ile hifadhi ilibaki tupu, kijinyasi kidogo hapa na pale. Haikuwa na ngoro hata moja. Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza, na maji yaliyotoka juu yakashuka mpaka pale yakatazama kushoto, kuna ngoro. Kulia, kuna ngoro. Katikati, barabara nzuri iliyonyooka, udongo wake umeshalegezwa na mkandarasi, imelindwa kwa sheria ya kijiji. Yakapita. Kila mvua ilipita na kitu. Kufikia Noeli mpira ulikuwa umechungulia. Kufikia mwezi wa pili palikuwa na korongo ambalo mtu mzima angesimama ndani yake, na juu ya kichwa chake bomba la mradi limening'inia hewani kutoka ukingo hadi ukingo.

Mama akaanza kuanika nguo juu yake. Alianika kanga zake, akaanika shuka zangu, akaanika hata magunia. Watu wa misa walipopita walijifanya hawaoni. Mimi niliona kila asubuhi, kwa sababu shuka zilikuwa zangu.

Siku moja ukingo ukabomoka ukaondoka na bomba. Zahanati ikakauka, na wajawazito wakarudi kwenye ndoo. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumhukumu, kwa hiyo ilichukua muda mrefu kidogo mtaalamu kuja.

Alikuja na kamati yote nyuma yake. Alisimama ukingoni, akatazama korongo, akatazama kibao changu kilichokuwa kimeangukia chini kifudifudi, akakasirika kweli.

"Nani amechimba hapa?"

Mama alikuwa akianua nguo zake kwenye kipande cha bomba kilichobaki. Alikunja kanga ya kwanza, akaiweka begani.

"Mvua, bwana mtaalamu," akasema. "Nayo haikusoma ngumbaru."

Hapo fundi wa Lituhi alichoka kuogopa. Alimwambia mtaalamu mbele ya wote kwamba bomba lilifukiwa kiwiko, na kwamba kwenye mteremko ule hata lingefukiwa mita tatu lingetoka, kwa sababu kilichokuwa kinashika udongo ni yale mashimo ya Wamatengo.

"Ngoro," mama akasahihisha.

"Ngoro," akasema fundi. Mtaalamu akaandika.

Kesho yake asubuhi baba mkubwa alipiga hodi. Aliingia, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akakaa kwenye kigoda na kukisifia kigoda. Mama aliendelea kuchambua mbegu za maharage.

"Shemeji," akasema mwishowe, "kamati imekubali ulime pale."

"Unaniambia au unaniuliza?"

Baba mkubwa akatazama mlango. "Nakuuliza."

"Kabla ya kuchimba," mama akasema, "au baada?"

Baba mkubwa akakisifia kigoda tena. Nilitaka sana ajibu. Nilikaa pale nikisubiri mtu yeyote katika nyumba ile aseme pole, na nilikuwa nimeisahau midomo yangu mwenyewe.

Mama alikubali, kwa sababu ya wajawazito na kwa sababu lilikuwa shamba lake. Kamati ilibeba udongo na mawe kujaza korongo, na kwa mara ya kwanza nikaona viganja vile vikipata malengelenge. Mpira mpya ulizikwa kina cha mtu mfupi. Mwezi wa tatu ulipofika, fundi alifunga uzi wa nyavu kutoka juu hadi chini, juu kabisa ya pale bomba lilipolala, na mama akamwamuru baba mkubwa alaze mstari wa nyasi kwenye uzi ule, asitoke hata kidogo. Basi. Ndiyo siri yote. Nyasi zikilazwa juu ya bomba, bomba linakuwa chini ya kingo, na jembe linashuka pembeni yake, huku na huku, wala halikutani nalo. Mwanamke yeyote wa kijiji kile angewaambia hivyo kabla mkandarasi hajanunua mpira. Mtaalamu aliuita mstari huo tuta kinga, mbinu shirikishi ya kamati. Niliandika hivyo kwenye muhtasari. Neno shirikishi halikuwa langu, lakini mwandiko ulikuwa wangu.

Akaniagiza pia kibao kipya. Nilimuuliza mama niandike nini, nikidhani namfanyia heshima. Alifikiri kidogo akasema, "Andika: muulize mwenye shamba kabla ya kupitisha bomba." Nikayapeleka maneno hayo kwenye kamati. Walisema ni marefu, bati halitatosha. Nikarudia maneno yaleyale ya zamani, herufi nzuri kuliko mara ya kwanza, nikakisimamisha njiani asubuhi ile mama alipokuwa anakuja kulima.

Alisimama mbele yake akasoma kama alivyofundishwa, herufi moja moja, mpaka mwisho. Akanigeukia.

"Na haya nayo ni ya mtaalamu?"

"Haya ni yake," nikasema. "Lile la hifadhi lilikuwa langu, mama. Nilikudanganya."

"Najua," akasema. "Mtaalamu hakuwa na haja ya kulifungia shamba langu kwa jina zuri. Hiyo ni kazi ya mtoto aliyesoma. Shika jembe."

Nikashika. Nilikuwa sijalima tangu nipewe ukatibu. Nikaingia katikati ya mraba wa kwanza, pembeni ya bomba, nikapiga jembe, nikageuza. Udongo uliotoka ulikuwa mwekundu, mgumu, wenye changarawe. Nikahamia mraba wa pili, mwekundu. Udongo mweusi wa mama, ule aliougeuza na kuulisha nyasi tangu kabla sijazaliwa, haukuwapo popote katika zile hatua kumi.

Fundi alikuwa anakunja uzi wake ajiandae kurudi ziwani. "Mama," akaita, "shamba lako nimeliona. Limeshuka na mto Ruhuhu mpaka kwetu Lituhi, maji yote mekundu. Tutakutunzia."

"Mlilime basi," mama akamjibu, "ninyi mmezoea kulima maji." Wakacheka wote wawili, utani ni utani.

Fundi alipoondoka, mama aliinama akachukua bonge la ule udongo niliougeuza. Alijaribu kulivunja kwa vidole, likakataa. Akalirudisha ndani ya ngoro taratibu, kama anayerudisha kitu cha watu.

"Wamenirudishia mahali," akasema. "Shamba hawakunirudishia."

Kisha akachukua mbegu, akapanda hivyohivyo.